Bao Letu Nililowapa Wageni

Jumapili, baada ya magharibi. Joto halijapungua, na hasira zangu pia hazijapungua. Nimeoga, nikakaa, nikaoga tena. Haikusaidia.

Wacha niandike tu, maana nikimweleza mtu kwa mdomo saa hizi nitalia, na sitaki kulia kwa sababu ya mpira.

Kwa wanaopita hapa mara ya kwanza: Kolekole ni timu yetu ya kandanda hapa Malindi. Ni timu ya ligi, ya wachezaji wa kulipwa, ingawa ukiwaona wakicheza utadhani wameokotwa njiani asubuhi hiyo hiyo. Walioipa jina walimfikiria yule samaki anayemtoa mvuvi jasho kabla ya kukubali kuvuliwa. Hii yetu hujiingiza nyavuni yenyewe. Msimu huu, mpaka leo asubuhi, ilikuwa haijashinda nyumbani hata mara moja. Msimu uliopita tuliponea chupuchupu kushuka daraja, kwa kuwa kulikuwa na timu mbovu kutushinda. Mpaka leo sielewi hiyo timu iliwezaje.

Mimi sikuichagua Kolekole. Niliikuta nyumbani, kama nilivyoikuta meza na viti.

Siku za wiki kazi yangu ni kutangaza. Nakaa mbele ya pikapu yenye vipaza sauti, tunazunguka kutoka Ganda mpaka mjini, natangaza chanjo ya watoto, baraza la chifu, mkutano wa injili, kifo cha fulani na siku ya mazishi. Sauti yangu inajulikana kuliko uso wangu. Ndiyo sababu Kolekole waliponitafuta niwe mtangazaji wao uwanjani, nilikubali hata kabla hawajamaliza kuuliza. Nikajiona nimefika. Nikasema sasa nitatangaza mabao.

Na kweli nayatangaza. Ya wageni.

Kuna maneno nimeyazoea hata hayapiti tena kichwani, yanatoka kooni moja kwa moja. "Gooooli! Bao la wageni!" Halafu natulia kidogo, nasoma jina la mfungaji kwa adabu, maana tuliambiwa tusimnunie mgeni. Wikendi baada ya wikendi, bao la wageni. Ya kwetu yanayopatikana ni machache, tena hupatikana ugenini, mahali ambapo mtangazaji ni mtu mwingine.

Sasa nimfikie Baba, maana yeye ndiye kiini cha hasira zangu zote.

Baba ni Mzee Charo, tunaishi naye hapa Ganda, mimi na yeye tu tangu Mama alipofariki. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Anaona mwanga, anaona kivuli cha mtu akipita, basi. Daktari amemwambia afanyiwe upasuaji, naye hujibu kwamba atakwenda ligi ikiisha. Ligi inaisha, inaanza nyingine. Siku nyingine zote hukaa barazani na redio yake, na kumtoa maneno ni kazi. Lakini Jumapili ya mechi ya nyumbani huamka kabla yangu. Huoga, huulizia shati lake la buluu, huvaa kofia ya Kolekole ambayo rangi yake sasa ni ya kukisia tu, na tuktuk ikichelewa hunung'unika kama bwana harusi. Uwanjani hukaa pale pale kila siku, mwisho wa jukwaa, karibu na lango la kutokea. Haoni mpira. Anasikiliza watu, na anasikiliza kipaza sauti.

Yaani ananisikiliza mimi.

Leo asubuhi nilipokuwa nikimfunga vifungo vya shati aliniambia, "Mayo." Huniita hivyo, yaani mama, kwa vile nimebeba jina la mama yake. "Mayo, leo wakifungwa, mimi na wao basi. Siendi tena."

Nilijua hatanii. Baba aliacha sigara kwa sentensi kama hiyo. Na nilijua pia kwamba asipokwenda uwanjani hatakwenda popote. Atabaki barazani na redio mpaka Mungu amkumbuke. Kwa hiyo leo kabla ya kushika kile kipaza sauti nilifumba macho. Nilisali. Ndiyo, niliisalia Kolekole, mimi ambaye kanisani nina mambo mengi ya maana ya kuombea na sijayafikia.

Mechi yenyewe sitaki kuikumbuka, lakini lazima. Kipindi cha kwanza mshambuliaji wetu alibaki yeye na kipa, akapiga mpira ukaenda kwa wauza mihogo nje ya ukuta. Mpira ulirudi, na mihogo ikarudi nao. Kipindi cha pili kiungo wetu aliomba maji wakati wageni wanashambulia. Aliomba maji! Kipa aliokoa kwa uso wake bila kujua. Nilikuwa nimekaa pale mezani nikisema moyoni, sare tu, jamani, nipeni sare tu, Baba hakusema lolote kuhusu sare.

Dakika za lala salama tukapata kona.

Yeri ndiye aliyefunga. Yeri ni beki wetu, mrefu, mpole, na msimu huu nyumbani amefunga mara moja tu, tena langoni mwetu. Mpira ulikuja kutoka konani, ukamgonga goti akiwa anageuka kuangalia kitu kingine, ukaingia wavuni taratibu kabisa. Niliuona kwa macho yangu haya mawili mazima. Nikaruka. Nikashika kipaza sauti kwa mikono miwili, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Gooooooli! Bao la wageni!"

Sijui niandike nini hapa.

Mdomo ulijiendea wenyewe. Nilisikia sauti yangu ikizunguka uwanja mzima, safi, ya furaha, ikiwapa wageni bao letu. Nilipogundua, nilijiziba mdomo, kipaza sauti kikaanguka, waya ukachomoka. Wachezaji wetu walikuwa wamelaliana juu ya Yeri. Upande wangu watu walikuwa wanacheka mpaka wanashikana. Upande wa pili, wale waliopigwa na jua usoni wasione vizuri, walikuwa wamesimama wameshika vichwa, hawajui washangilie au waende zao. Fundi wa mitambo akaja akihangaika na waya. Nilikuwa namwambia harakisha, kaka, harakisha, na huku naangalia mwisho wa jukwaa.

Baba alikuwa amesimama. Akavua kofia. Akaiweka pale alipokuwa amekaa, vizuri, kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe. Kisha akashika fimbo yake akatoka langoni.

Kipaza sauti kiliporudi nilisema ni bao letu, nikarudia, nikataja jina la Yeri mpaka refa akanitazama. Lakini muziki wa wauza soda kule nje ya lango humeza kila kitu, na yule kijana wa tuktuk anayetuchukua siku zote alikuwa ameshalisikia lile tangazo langu hodari la kwanza. Baadaye aliniambia alimpa Baba pole, na njia nzima hawakuzungumza.

Refa akapuliza kipenga. Tumeshinda. Kolekole imeshinda nyumbani, watu wanalia, watu wanabebana, na mimi nimesimama na kofia niliyoiokota pale alipoiacha nikimpigia Baba simu ambayo najua ameizima. Tukifungwa huizima, ili Katana asimpate.

Nimtambulishe Katana pia. Ni jirani yetu wa upande wa minazi, mtu wa makamo, mcheshi, mwenye timu yake ya Ulaya ambayo hajawahi kuiona isipokuwa kwenye televisheni. Kila Kolekole ikifungwa, Katana hupita uani kwetu jioni. Hakosi. Husimama kwenye ua na kupaza sauti, "Mzee Charo, poleni na msiba! Hanga ni lini, tuje kulala?" Kana kwamba kuna maiti ndani na yeye amekuja kulala matangani. Baba humtukana kidogo, Katana hucheka, anaenda zake. Hata tulipofungwa usiku wa mvua alikuja na mwavuli.

Nilifika nyumbani nikamkuta Baba barazani, shati la buluu ameshalivua. Redio imezimwa.

Nikamwambia, "Baba, tumeshinda."

Akasema, "Sawa."

"Nilikosea, Baba. Bao lilikuwa letu. Yeri kafunga kwa goti."

"Yeri," akasema. Ukimjua Yeri, hata mimi nisingeamini.

Nilimwekea sauti zilizotumwa kwenye kundi la mashabiki, watu wanaimba, vuvuzela zinalia. Akasikiliza, akasema hao hata wakifungwa huimba, tembo la mnazi ndilo linaloimba. Nikamwonyesha kofia, nikamwekea mapajani. Akaitoa akaiweka chini. Kisha akasema neno ambalo limenikaa hapa kifuani mpaka sasa.

"Sikukukasirikia, mayo. Ila usinionee huruma. Mimi kipofu wa macho tu."

Hapo ndipo nilipokasirika. Nilikasirikia mdomo wangu, nikakasirikia fundi na waya wake, nikamkasirikia Yeri kwa kusubiri msimu wote afunge siku ambayo mimi sina akili. Zaidi ya yote niliikasirikia Kolekole. Timu gani hii, inafungwa miaka nenda miaka rudi, halafu siku inaposhinda mtu hawezi kuamini? Hata ushindi wao ni wa kutesa. Nikaenda kuoga. Hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyoitaja pale juu.

Tukaketi kula. Wali na mchicha wa nazi, na yeye hakula vizuri. Jua likazama. Nilianza kuona namna Jumapili zetu zitakavyokuwa kuanzia sasa, mimi uwanjani na yeye hapa, na nguo zake za kutokea zikikaa sandukuni.

Ndipo nikaona Baba amegeuza kichwa kuelekea kwenye ua.

Akauliza, "Katana hajapita?"

Nikasema bado.

"Yupo?"

"Yupo, Baba. Taa yake inawaka."

Akatega sikio. Nami nikatega. Tukakaa hivyo, watu wazima wawili tunangoja kutukanwa. Adhana ya magharibi ikaadhiniwa, ikaisha. Kuku wakaingia bandani. Hakuna aliyesimama kwenye ua.

Mwishowe tukasikia kandambili. Katana alikuwa anatoka dukani, na njia ya kurudi kwake ni hapa mbele yetu, hana nyingine. Alikuwa anatembea upesi, kama mtu aliyesahau chungu motoni. Baba akakohoa makusudi. Katana akasimama. Nilimwona anahangaika na mfuko wake wa unga, anauhamisha mkono huu na ule.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Katana! Tangu nimfahamu sijamsikia akimwamkia Baba shikamoo siku ya mechi.

"Marahaba," Baba akajibu polepole. "Habari za mpira?"

"Aa, mpira… Mimi leo sikufuatilia sana, mzee."

"Huna la kuniambia?"

"Sina, mzee. Nyinyi laleni salama."

Akaenda zake, na kandambili zile zilikuwa zinakimbia.

Baba aliinamisha kichwa. Halafu mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia, nikainuka, kumbe anacheka, anacheka mpaka anakohoa, anajipiga paja, na machozi yanamtoka kwenye yale macho yasiyomfaa kitu kingine. "Hakufuatilia sana," akawa anarudia. "Mayo, umemsikia? Hakufuatilia!"

Alipotulia alinyoosha mkono, akapapasa sakafuni.

"Kofia yangu iko wapi?"

Nikampa. Akaivaa, akaiweka sawa kwa mikono miwili. Kisha akakaa wima, uso ameuelekeza kwangu, kama anavyokaa pale mwisho wa jukwaa.

"Haya. Nitangazie. Na safari hii useme ni letu."

Nikasimama hapo hapo barazani, nikashika mwiko, nikatangaza. Ganda yote imenisikia. Akasema, "Tena." Nikatangaza tena, kona, goti, wavu, mpaka koo limekauka na Katana kazima taa yake.

Basi ndiyo hivyo. Bado tuko mkiani, ushindi mmoja haukutuinua popote. Jumapili ijayo wanakuja hapa wale wanaoongoza ligi na watatupiga bila huruma, mimi najua, Katana anajua, hata Yeri anajua. Nimekaa na daftari hili la mtandaoni nikijiuliza mtu mwenye akili anafuata nini kwenye timu kama hii.

Na Baba, kutoka chumbani kwake, ameshaniuliza kama shati la buluu litakuwa limefuliwa.