Uso Wako Kwenye Skrini ya Kerende

Kerende,
Jumatatu asubuhi.

Mdogo wangu Erasto,

Shikamoo yako naisikia hata kabla hujaitoa. Marahaba, ndugu yangu, marahaba sana. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba vumbi la pumba huko mashineni Kahama halijakurudishia kile kikohozi. Sisi huku tunaendelea. Mzee wetu tata mguu unamsumbua, lakini bado anatoka na ng'ombe mwenyewe na hataki kusaidiwa. Mama ni mzima. Mahindi ya bondeni yamebeba vizuri, ya juu yameungua jua.

Ningekupigia simu, lakini tangu uondoke laini yako haipatikani, nami sikulaumu. Basi kaa mahali penye utulivu usome mpaka mwisho. Usiruke hata mstari.

Mwalimu Nestory, mwenye kikundi chetu cha maigizo, aliamua mwaka huu tuigize mchezo kuhusu duara, lile shimo la dhahabu lililotitia na kumfukia Mwikwabe, mchimbaji mwenzako. Alinipa kazi ya kutengeneza jukwaa, maana ndiyo niliyosomea. Nilimwambia kidonda hicho bado kibichi. Akanijibu kwamba kidonda kinachofunikwa kila siku ndicho kinachooza. Nilitaka kukataa. Halafu nikafikiri, nikikataa mimi, atatengeneza mtu asiyekujua, na jina lako litatupwa jukwaani ovyo. Nikakubali.

Nestory alikuwa ameona huko mjini michezo inayochezwa mbele ya skrini kubwa ya video, naye akataka yetu iwe hivyo. Tulibishana sana. Nilimweleza kwamba skrini inameza watu. Mwigizaji alie, atoe jasho, watazamaji watamtazama mtu wa kwenye picha, yeye asimame pale kama kigingi. Mwisho tulikubaliana skrini ikae nyeusi mchezo mzima, iwe kama ukuta wa giza nyuma ya waigizaji, iwake mara moja tu, pale udongo unapoanguka. Ndipo tukawaomba watu video walizopiga siku ile kwa simu zao.

Zililetwa nyingi, na karibu zote zilikuwa miguu, vumbi na kelele. Iliyofaa ni ya Huruma, yule mama ntilie aliyekuwa akiwapikia wachimbaji. Aliipiga kutoka kwenye kibanda chake. Kwenye simu unaona vumbi tu na migongo ya wanaume. Kwenye kompyuta ni hivyo hivyo. Nestory akamwambia Abednego, fundi wa skrini kutoka Mwanza, aipunguze mwendo ili lile vumbi lipande polepole. Tuliitazama wote kwenye kompyuta, na hakuna aliyeona kitu.

Habari zikamfikia Joram. Unajua tangu tumzike mdogo wake Mwikwabe amekuwa mtu wa namna gani kwetu. Alikuja mazoezini na vijana wake, fimbo mkononi, akasimama katikati ya jukwaa. Alisema hakatai tuigize, lakini tukimsafisha mtu aliyemwacha Mwikwabe shimoni akakimbia kuokoa roho yake, atalichoma jukwaa na kila kilicho juu yake. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, dada wa mkimbizi, utakaa mahali nitakapokuona."

Siku ya mchezo skrini ilichelewa njiani. Ilipofika tuliijenga haraka, vipande vikipangwa kama matofali kwenye fremu ya chuma, upepo ukiisukuma mpaka tukaifunga kwa kamba na mifuko ya mchanga. Nilikuwa nimeligeuza jukwaa ili jua lizame nyuma ya skrini, maana likiipiga usoni picha inafifia. Muda wa kujaribu picha haukuwepo. Uwanja wa mpira ulikuwa tayari umejaa: watu wa Kerende, wachimbaji waliotoka mikoa mingine, wengine wamekaa juu ya pikipiki zao. Mama Gati, mama yake Mwikwabe, aliwekewa kiti mbele. Joram alisimama nyuma yake. Tata alikuja pia. Alikaa peke yake pembeni, na watu walimwachia nafasi kana kwamba ana ugonjwa.

Mchezo ulianza vizuri. Watu walicheka pale pa kuchekwa. Mimi nilikuwa kwenye mitambo na Abednego. Joram hakutazama jukwaa hata kidogo. Alikuwa akinitazama mimi.

Ngoma zikanyamaza. Simioni, anayeigiza nafasi ya Mwikwabe, akashuka shimoni. Skrini ikawaka.

Erasto, sijui nikueleze vipi. Lile vumbi tulilolizoea kwenye simu lilisimama juu yetu kama mlima. Watu walirudi nyuma kwa woga. Ndani ya vumbi zikatokea jezi za kijani za timu yetu, kisha mtu mmoja akageuka, na uso wake ukaijaza skrini. Ulikuwa uso wako, mkubwa kama nyumba. Udongo ulikuwa umejaa mdomoni mwako.

Uwanja ukalipuka. "Mkimbizi huyo! Anakimbia huyo!" Jiwe likapiga skrini, kipande kimoja kikazimika. Jingine likapita sikioni kwangu. Nestory alikuwa akipiga kelele tuzime. Abednego akanyoosha mkono kuzima, maana mitambo ile ni roho yake. Nikaushika mkono wake kwa mikono yangu yote miwili. Sikuwa na hoja yoyote. Niliona tu kwamba miguu yako ilikuwa inaelekea kule ambako wenzako walikuwa wanatoka.

Na wengine wakaanza kuona. Kelele zikapungua upande mmoja, kisha upande mwingine. Wote walikuwa wanatoka kwenye mdomo wa duara, wewe peke yako ulikuwa unarudi. Ulipiga magoti, ukaingiza kichwa na mabega. Mkono wa mtu ukakudaka mkanda kwa nyuma, ukakuvuta. Ukamsukuma, ukatambaa kurudi. Akakupiga. Ukarudi tena. Mwisho alikukalia mgongoni, akakubana chini huku unakwaruza udongo kwa kucha. Hapo ukingo wote ukaporomoka, pale pale ulipokuwa umeingiza kichwa. Yule mtu akainua uso kuelekea kibanda cha Huruma.

Alikuwa Joram.

Video ikaisha. Skrini ikawa nyeusi. Ilisikika jenereta tu. Simioni alikuwa amesimama jukwaani hajui aendelee kufa au atoke.

Mama Gati aliinuka. Hakumgeukia mwanawe. Aliuliza huku bado anaitazama ile skrini, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za shambani: "Joram, ni wewe yule?"

Vijana wa Joram walimwangalia. Fimbo ilimdondoka. Nilidhani atakimbia, au atageuza hasira atuvamie, na wanaume wawili watatu walikuwa wameshasogea karibu na tata ili kumkinga. Lakini alikaa chini, pale pale kwenye majani, mtu mzima yule. Akasema alisikia udongo ukipasuka kwa mara ya pili, akajua Mwikwabe hayupo tena, akaona afadhali apotee mmoja kuliko wawili. Akakuvuta. Na jioni ile mama yake alipouliza ni nani alikuwa wa mwisho pale mdomoni, ulimi ulimshinda. Angesemaje kwamba ni yeye aliyemzuia mtu aliyetaka kumtoa mdogo wake? Akasema ulikimbia. Watu wakaamini, na kila siku iliyopita ilizidi kuwa vigumu kulirudisha neno lile.

Hakuna aliyemgusa. Watu walitawanyika. Mchezo haukumalizika, na Nestory hajadai umalizike.

Kesho yake Mama Gati alikuja kwetu. Hakuwa amekanyaga boma letu tangu maziko. Tata alimpa kiti, mama akamletea maziwa, akayanywa. Kisha akasema maneno haya, nami nayaandika kama alivyoyasema: "Mwanangu alimwokoa mtoto wenu, halafu akamfukuza. La kwanza sikulijua, hivyo sikushukuru. La pili nililishangilia. Nataka kumwona mtoto huyo hapa, niyameze maneno yangu mbele yake."

Ulipoondoka ulituambia kuna mtu alikushika, hukumtaja. Tata alikuamini, lakini nani mwingine angepokea neno la baba anayemtetea mwanawe? Sasa Joram anaamini ulimjua toka siku ile, ukanyamaza ili mama yake asipoteze watoto wawili kwa mara moja. Hilo linamtesa kuliko jambo lolote. Mimi sikuulizi. Atakuuliza mwenyewe.

Maana hili ndilo nililokuwa nalisogeza mbele mstari kwa mstari: aliyeileta barua hii Kahama ni Joram. Nilimtaka ampe msimamizi wako Felix aje nayo ndani, yeye asubiri nje mpaka umalize kusoma. Hana fimbo, hana mtu. Ametumwa na mama yake akurudishe, lakini nimemwambia wazi kwamba hakuna anayeweza kukudai msamaha, na ukimwambia aondoke ataondoka. Ukitaka kumpiga, mura ndugu yangu, hilo nalo amesema yuko tayari. Naomba usimpige. Lakini usitoke kwa mlango wa nyuma.

Tata anakusalimu. Amesema nisiandike kwamba alilia, basi sikuandika. Mama anakusalimu, na Huruma pia. Wafikishie salamu zangu wenzako wa hapo mashineni waliokutunza wakati sisi tulishindwa. Mungu akutangulie utakapofungua huo mlango.

Ni mimi dada yako,
Luciana.