Taa Sita Mchana Kweupe

Mpendwa mshauri,

Kwa heshima kubwa nawatangazia wasomaji wote wa gazeti hili, walio mjini na walio mashambani, kwamba Jumanne iliyopita jogoo wangu aliwika saa mbili za usiku, mara tatu, akiwa amesimama wima na macho wazi. Baada ya tangazo hilo sasa naomba msaada, kwa sababu jogoo huyo ameniongezea kesi juu ya kesi niliyokuwa nayo, na kesi yenyewe si ya kuku.

Mimi ni mjane, naitwa Mwihaki, nakaa upande wa Moiben katika shamba tulilolinunua kwa mzungu mmoja wa ng'ombe miaka minne iliyopita, sisi wanachama wa ushirika, watu wa Nyeri na wa Maragoli na wenyeji wa hapa hapa, na mimi hisa yangu niliilipa kwa jina langu, si kwa jina la marehemu wala la shemeji, naomba uandike hivyo hivyo. Siku ya kugawana tulichota namba ndani ya kofia ya karani wetu, Murunga, na mimi nikatoa namba ya kipande chenye nyumba ya kukamulia ng'ombe, sakafu yote simiti, watu wakacheka mpaka wakakaa chini, na jirani yangu Mama Seline akanishika mkono kama tuko matangani akasema, "Pole, mama. Simiti haioti mahindi." Jioni nikapapasa ukuta nikitafuta mahali pa kutundika koti, kidole kikagusa kitu, kikalia ta, na nyumba nzima ikawa mchana. Hakuna aliyecheka tena.

Kumbe mzungu alikuwa amewavutia stima ng'ombe wake. Watu wake walikuwa na koroboi. Mzee Kimeli, aliyekamua humo tangu akiwa kijana mpaka akaota mvi, alikuwa hajawahi kuruhusiwa kugusa swichi hata siku moja, basi mimi nikamwita yeye wa kwanza, nikamwambia, "Mzee, washa." Akawasha, akazima, akawasha tena, akasema, "Kumbe ni nyepesi hivi." Nilienda mjini Eldoret nikaandikisha mita kwa jina langu, na tangu hapo ninaitwa Mama Stima, watu wanakuja kupiga pasi nguo za kanisani, watoto wanasomea kwangu, na mimi nimekuwa mtu wa kuamkiwa kutoka mbali. Mshauri, nilikotoka hakuna aliyeniamkia hata wa karibu.

Mwaka huu ushirika ukaamua kwamba stima ifike kwa kila memba, tena stima ya kuaminika na ya bei ambayo mwenye ng'ombe mmoja anaiweza, kwa sababu lori la maziwa linapita asubuhi tu na maziwa ya jioni yanalala na kuchacha, watu wanawapa mbwa, na mbwa wa shamba letu wamenenepa kuliko watoto. Murunga akaenda ofisi ya stima, akarudi, akaenda tena, viatu vikaisha, mwishowe akaambiwa mkaguzi atakuja kuliona shamba. Wanachama wakaniomba mimi nimpokee, kwa sababu kwangu hakuna matope.

Nilichinja kuku, nikapika chapati, nikafagia simiti mpaka ikang'aa, na ili yule bwana aone kwamba sisi si watu wa kuanika nguo kwenye waya wa serikali, kwamba tunaijua stima na tunaistahili, niliwasha taa zote sita, saa sita mchana, jua likiwa utosini.

Mkaguzi alikula vizuri. Kisha akatazama juu, akatabasamu, akasema, "Lo, kumbe shamba hili lina stima nzuri namna hii? Basi siwezi kuliandika kama shamba lisilo na stima."

Murunga akasimama. "Bwana, hii ni nyumba moja. Sisi wengine tuko na giza."

"Moja ama kumi, laini imefika. Hapa nina mteja, naye ni huyu mama. Kukiwa na ombi, ataniletea mwenyewe." Akachukua chapati ya mwisho, akaenda zake.

Mimi nilisikia kama nimevalishwa nishani. Kwenye mkutano wa jioni ile ile nilisimama mbele ya wote nikasema, "Mmesikia wenyewe? Mteja ni mimi," na hapo ndipo nilipojua kwamba watu wanaweza kukasirika wote kwa pamoja. Murunga akanitazama kwa huzuni akasema, "Mama Mwihaki, taa yako ndiyo giza letu." Mama Seline hakuwa na huzuni yoyote. "Taa sita!" akasema. "Mchana kweupe! Ulikuwa unatafuta nini, sindano?" Sasa wanataka mkutano wa mwisho wa mwezi nikubali waya wangu ukatwe, shamba lote liwe giza, liandikwe upya kama halijawahi kuona stima, na nikikataa ijulikane mimi ndiye adui wa maendeleo. Tangu siku hiyo hakuna aliyekuja kupiga pasi. Watoto wanasomea koroboi kwao.

Ndipo jogoo akawika. Kuku wangu hulala ndani ya tangi kubwa la kupozea maziwa alilotuachia mzungu, lipo chini ya taa, ni safi na kunguru hawafiki humo, zamani nililiwasha likanguruma vizuri tu lakini liliwatisha kuku, nikalizima. Asubuhi yake Mama Seline akaniambia kutoka upande wa pili wa ua, "Jogoo akiwika jioni, mwenye boma ana jambo. Wewe hata kuku wako hawajui usiku ni lini."

Mshauri, kusema kweli, swichi tano niliziwasha kwa ajili ya ushirika, lakini kidole kilipofika kwenye ya sita kilikuwa na raha yake. Sasa nifanyeje? Nikizima na hiyo mpya isije, nani atanirudishia yangu? Nisipozima, nitamwangazia nani?

Wako, Mwihaki, Moiben.

JIBU

Mama Mwihaki,

Pole. Sasa nyoosha mgongo usikilize.

Kwanza hongera, maana najua wiki hizi hujaisikia. Mwanamke aliyenunua hisa kwa jina lake, akachota simiti mbele ya kicheko na asitoe chozi, huyo si wa kupewa moyo na gazeti. Habari ya Mzee Kimeli nimeisoma mara mbili. Shamba ambalo mtu alizeekea chini ya taa asiyoruhusiwa kuigusa, leo watu wake wanapigiana kelele mkutanoni nani awashe na nani azime. Kelele hiyo ni tamu, msiionee haya. Wako walioililia miaka mingi wakafa hawajaisikia.

Ya pongezi yameisha.

Uliwasha taa sita mchana kumwonyesha mtu shida zenu. Mama, mtu anayekwenda kuomba unga hajipaki unga usoni. Mgeni ulipaswa kumpa chapati yake, kisha umpeleke nyumbani kwa Mama Seline akapigwe na moshi wa koroboi mpaka machozi yamtoke. Hilo la swichi ya sita nimekusamehe kwa sababu umelitaja mwenyewe. Usilitaje kwa Mama Seline.

Lakini kosa kubwa zaidi hukulijua kama ni kosa, umelitupia mwishoni pamoja na kuku. Jirani zako wanawanywesha mbwa maziwa ya jioni, na wewe una tangi la kuyapoza linalonguruma vizuri, umelifanya kitanda cha jogoo! Na hao wanachama wako waliokuwa wakija kupiga pasi kila Jumamosi, wameliona miaka minne na hakuna aliyeuliza lile bakuli kubwa ni la nini? Kelele yenu ingeanzia hapo.

Sasa hili la kukata waya. Kataa. Simama mkutanoni ukatae, hata wakipiga makofi ya kukuzomea. Mwenye njaa hamwagi uji wa jirani ili waandikwe wote ni wenye njaa. Waya ukishakatwa, wa kuurudisha anaweza kuja wakati wajukuu wako wana mvi. Murunga ni karani mzuri, lakini hasira imemfunga macho. Taa yako si giza lao. Ni mlango wao, ila umesimama katikati umeshika nguzo zote mbili.

Soma tena barua yako mahali mkaguzi alipochukua chapati ya mwisho. Alisema kukiwa na ombi, mteja alilete mwenyewe. Ukalivaa neno hilo kama nishani, wenzako wakalisikia kama tusi, na kati yenu hakuna aliyelisikia kama lilivyosemwa. Mteja si cheo, mama. Mteja ni mtu ambaye ofisi imeshakubali kwamba ina kazi naye. Ombi la shamba jipya limekataliwa. Ombi la mteja kurefushiwa laini hakuna aliyelipeleka.

Basi lipeleke. Leo hii watoe kuku, usugue tangi kwa maji moto na magadi, na umwite Mzee Kimeli aliwashe, maana yeye anajua sauti yake. Wanachama walete maziwa ya jioni kwako. Mkutano ukifika, usianze na hotuba. Waache waonje maziwa ya jana, kisha waambie tangi ni la ushirika na mita ihamie jina la ushirika, gharama muigawe kwa kila anayeleta mkebe. Najua hilo la jina litakuuma. Liume. Siku utakayokosana tena na Mama Seline, ni vizuri ufunguo wa maziwa ya watu usiwe mfukoni mwako peke yako. Hisa yako itabaki na jina lako, na hilo hakuna wa kulihamisha.

Kisha mwende mjini, si Murunga na viatu vyake peke yake, mwende wote mnaoweza kutembea, na gambuti zenu za mpira zenye matope. Chukua chupa moja ya maziwa yaliyolala bila kupozwa, uifungue juu ya meza ya mkaguzi, ainuse kwanza. Halafu wewe, kwa kinywa chako, kwa sababu alikwambia wewe, umwambie: ushirika wetu ni mteja wako, na tunataka laini irefushwe mpaka kwa memba wa mwisho. Muulizeni bei mbele ya wote, msikubali ya kuambiwa pembeni. Muulizeni stima ikikatika nani anakuja na baada ya siku ngapi, naye aandike. Akisema mwakani, mwambieni mwakani mtarudi, na hiyo chupa mtakuwa mmeihifadhi.

Mkirudi, mfungulie Mama Seline mlango kabla hajabisha. Mwachie pasi. Ataikubali huku analalamika, na wewe utavumilia, kwa sababu sindano aliyokuchoma ilikuwa ya haki.

Umebaki na jogoo. Unaogopa kwamba ni ishara, na naona pia unajivunia kidogo kwamba ni stima yako iliyomwamsha. Mimi huku kwangu Yamumbi sina stima, na jogoo wangu huwika saa mbili za usiku kila siku.