Kipande cha Nyuma ya Kisima

Bwana Khamis,

Ulikosea, na kufa kwako hakukufanyi uwe umepatia. Kile kipande cha nyuma ya kisima hukutakiwa kukiacha.

Najua ungesema, "Bi Mwanaidi, ardhi ipo tele, ndugu nnaye mmoja." Ndivyo ulivyosema binamu yako Makame alipodai pale ni pa babu yake. Ukamwachia apande mihogo, tuishi salama. Mihogo sawa, inang'olewa. Akapanda minazi, ukanyamaza! Mtu mzima wewe, uliyekulia shamba, hujui kuwa hapa kwetu mwenye mnazi haondoki tena?

Siwi mwongo, salama tuliipata. Makame alikula Idi kwetu, mkewe akanikanda mgongo nlipoumia. Siku ya kukuzika alilia kuliko wanao. Hapo ndipo ninapochoka, bwana wangu. Lau angekuwa mbaya tu, ningejua la kufanya.

Mimi nilikuwamo ndani, nakaa eda yako, sitoki. Nachungulia dirishani, namwona anachimba mashimo na kutia miche ya minazi upande wetu, mpaka kisimani wanapochota wajukuu zako. Nikamtuma mwanetu Haji akamuulize. Akarudi na jibu: "Marehemu hakuwa na neno."

Hakuwa na neno! Upole wako ndio shahidi wake.

Wakumbuka watu wa barazani walivyobishana, Mwingereza alipotoka kule Suwesi, kwenye mfereji wa Wamisri, kakimbia au kaona haya? Ukasema anayetoka pasipo pake hakukimbia. Nikakuuliza, na anayetoka pake je? Ukacheka, ukaomba kahawa, nikakumiminia. Laiti ningekunyima mpaka unijibu.

Jana nimetoka eda. Haji, ndiye anayeniandikia hapa, na aandike vivyo hivyo nnavyosema, ananiambia, "Mama, tumwachie, baba hakupenda ugomvi." Sauti yako hasa. Ilinibidi nigeuke nifute macho.

Ile minazi mikubwa uliyomruhusu, aendelee kuangua, neno lako silivunji. Lakini hii miche mipya tutaing'oa na udongo wake, isife, tumrudishie mlangoni kwake. Tutaamkiana. Akitupa uji tutakunywa. Kisimani hatutoki.

Lala, Mungu akurehemu. Kila Ijumaa nitakusomea, hata nikiwa nimekukasirikia.

Na wewe Haji, usinitazame hivyo. Weka kalamu, panga liache hapo hapo lilipo, kachukue jembe.