Siku Niliyomtuza Justa

Jumatatu, 5 Mei 2025
Mwalimu Enock kapita kula kibandani kwangu. Kampanga binti yangu Justa kughani shairi siku ya wazazi! Nikabaki na mwiko hewani. Justa huyu asiyeamkia wageni mpaka nimfinye? Mwalimu anasema kumbukumbu anayo kuliko darasa la tatu zima, tatizo sauti. Ataitoa wapi? Tunaishi ubavuni mwa makarasha, mawe ya dhahabu yanasagwa kutwa, hapa Segese sote tunapayuka ndiyo tusikilizane. Yeye tu ananong'ona.

Jumamosi, 10 Mei
Nimemsikia! Anaosha masufuria, kanipa mgongo. "Maji ya kisima chetu, ndiyo uhai wa watu..." Beti zote tatu, bila kukwama. Nikajisahau, nikapiga kigelegele. Sufuria likamponyoka, akanyamaza.
Baba yake karudi toka duarani, shimoni wanakochimba dhahabu, vumbi mpaka kwenye kope. Kasema nimwache mtoto, si kila mtu kazaliwa kupayuka. Nikamjibu ovyo. Mtoto wa kike asiyeweza kusema mbele za watu, huku machimboni ataonewa na kila mtu. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Alhamisi, 15 Mei
Nimemwambia Mama Davis, jirani yangu wa chapati, na wenzetu wa kikundi cha akina mama wajiandae. Nimenunua doti ya kanga, nyekundu. Kwetu mtoto akisimama mbele za watu hatoki mikono mitupu, lazima atuzwe. Justa sijamwambia. Iwe sapraizi.

Ijumaa, 16 Mei
Sitaki kuandika. Naandika.
Siku ya wazazi leo. Justa alisimama, macho kwenye viatu. Beti ya kwanza hakuna aliyeisikia. Ya pili — sauti ikatoka! Nyembamba, lakini yake. Watu wakatulia. Halafu akasita. Nikaona amekwama, atalia mbele ya wilaya nzima. Nikainuka. Kigelegele, kikundi kizima nyuma yangu, tukamzunguka tukicheza, nikamfunika kanga kuanzia kichwani. Shangwe! Mshereheshaji akasema asante Justa, anayefuata.
Nikainama kumkumbatia. Chini ya kanga alikuwa bado anasema. Hakuwa amekwama. Alikuwa anavuta pumzi tu. Beti ya tatu aliimalizia humo ndani ya kitambaa, na aliyeisikia ni mimi peke yangu. Mungu wangu, nimefanya nini?

Jumapili, 18 Mei
Hasemi nami. Kanga kaikunja vizuri, kairudisha kitandani kwangu. Mama Davis anasema watoto husahau. Baba yake hakusema "nilikwambia". Bora angesema.
Nimemwomba msamaha nikimsuka. Kichwa kikatikisika kidogo. Sijui ni kukubali au ni chanuo lilimuuma.

Jumatano, 28 Mei
Mwalimu Enock kamuuliza Justa kama atarudia shairi siku ya kufunga shule. Nilijua atakataa. Kakubali!
Jioni akaja akasimama nyuma yangu jikoni, akaniita mama kwa kilugha chetu.
"Mayu, usije."
Nikasema sawa, mwanangu. Nilikuwa nakata vitunguu, afadhali, machozi yakapata kisingizio.

Ijumaa, 30 Mei
Sijaenda. Niko kibandani, daftari juu ya ndoo ya unga. Umeme umekatika tangu asubuhi, makarasha yote kimya. Shule wana jenereta, spika zinafika mpaka huku. Mama Davis kaja kukaa nami kwenye benchi ili nisitoroke.
Wamemwita! Justa Jilala. Makofi. Kimya.
"Maji ya kisima chetu..." Ni yeye! Mchimbaji mmoja kaacha kutafuna, anauliza mtoto wa nani huyo. Nimejiwekea kidole mdomoni, anyamaze. Beti ya kwanza imekwisha. Ya pili —
Kasita. Palepale.
Spika inakoroma tu. Mama Davis keshainuka, ulimi tayari kwa kigelegele, nimemkamata kitenge kwa mkono wa kushoto, kaa, mama, kaa, anavuta pumzi, mtoto wangu anavuta pumzi tu —