Niliyomficha Daktari Mbele ya Mkwe

Dar es Salaam

Mama Elia, mke wangu,

Hujambo? Goti linakusumbua bado? Na alizeti mmevuna, au ndege wamewatangulia? Mimi nipo, nimekonda tu. Nakuandikia kwa sababu nikiongea kwenye simu humu ndani mkwe wetu anasikia, na habari yenyewe inamhusu.

Huu uvimbe wa unyayoni tuliodhani ni mwiba, kumbe ni saratani, daktari amenieleza tabia yake. Mwili una askari wake, lakini uvimbe umewalaghai. Unajifanya mwenzao nao wanaupita tu, kama mbwa aliyerushiwa nyama na mwizi. Dripu wanayonitundikia kazi yake ni kuwaamsha. Ila wakiamka vibaya wanaweza kushambulia hata utumbo wangu. "Mzee, ukianza kuharisha, sema siku hiyo hiyo." Nikaitikia kama mtu mwenye akili.

Basi nikaharisha. Elia anashinda kazini, anayenipeleka kliniki ni mkewe, na huingia nami hadi ndani. Daktari akauliza, "Choo vipi, mzee?" Mkwe amekaa pale pale. Unajua kwetu ilivyo, hata kula naye meza moja nilikuwa nageuza kiti. Nikajibu, "Choo safi kabisa." Wakanitundikia nyingine.

Juzi nikaanguka mlangoni mwa choo, nimejichafua. Akanikuta yeye. Nikamwambia, "Toka, mwanangu, niache."

"Baba, nikikuacha ukafa, nitamwambia nini mama?"

Akaniosha, Mama Elia. Mwili wote. Nilifumba macho hadi akamaliza. Naona aibu hata kuandika.

Sasa dripu imesimamishwa, nameza vidonge vya kuwatuliza hao askari. Daktari amesema nikificha tena, utumbo utaniua kabla ya uvimbe. Jumatatu tunarudi. Mkwe ataingia, nami nitasema kila kitu akisikia.

Mama yako mpe shikamoo yangu. Kaka yangu mkubwa msalimie, ila barua hii asisomewe, na wifi yako ndiyo kabisa asiione, ataifikisha mnadani Ikungi kabla ya ng'ombe.

Na uje, hata kwa wiki moja. Kila asubuhi mkwe ananiamkia, nami naitikia nikiangalia sakafu. Asante yake ninayo, haitoki mdomoni. Uje umwambie wewe.

Mumeo,
Baba Elia