Jina Hili Halipo

Dada Agatha,

Shikamoo. Mimi mzima, ni vumbi la Geita tu linalonisumbua. Choroko zimeota huko Didia? Mwanao Ritha ameacha kukohoa?

Hapa mgodini wamenipa kazi ya kutengeneza ukurasa wa kuingilia kwenye mifumo ya kampuni. Mfanyakazi anaandika jina na nywila, yaani neno lake la siri, na seva, ile kompyuta kuu, inamfungulia. Seva yenyewe ni kubwa kama friji, inanguruma kutwa. Jana bosi alinifokea. Mfanyakazi akikosea, ukurasa wangu ulikuwa unamwambia, "Nywila si sahihi." Asiye mfanyakazi alikuwa anaambiwa, "Jina hili halipo."

"Violeth, unawaonyesha wezi nani ni wa kwetu!"

Basi nimebadilisha. Sasa wote wanajibiwa, "Umeshindwa kuingia."

Ila kabla sijabadilisha, nilijaribu jina la shemeji, maana uliniambia ameajiriwa hapa hapa, nikataka nikutanie kwamba nimemwona kazini. Ukurasa ukasema jina hili halipo. Nikaandika na la ubatizo. Nikaandika hadi la babu yake. Jibu likawa lile lile.

Mumeo sijamwambia kitu. Lakini lile shamba la choroko analotaka uliuze ili mhamie huku kwake, dada yangu, usiuze.

Mdogo wako,
Violeth