Baba Anavua Kofia Chini ya Kamera

Sumbawanga,
Juni 2025

Kaka yangu mpendwa Leonsi,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeitikia, hata kama umeitikia huku umenuna. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Kasesya, wewe na wifi yangu Coleta na watoto, na kwamba kile kifua kilichokuwa kinamsumbua mdogo kimepona. Sisi huku hatujambo, ila baridi. Unaijua baridi ya Juni ya kwetu. Asubuhi mtu anaogopa hata kugusa ndoo ya maji, na mjini watu wazima wanatembea wamejifunika mablanketi bila aibu.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu umenishinda. Tunaongea vizuri habari za mahindi na foleni ya malori hapo mpakani, lakini nikimtaja baba tu, mtandao wa Kasesya unaharibika. Kila mara, kaka? Haya, karatasi haikatiki. Barua nimempa Albina, binti wa shangazi, anayeleta mchele huko, na nimemwapisha asiondoke mpaka akuone umeifungua.

Ile kazi niliyokuambia ya hapa stendi bado ninayo. Wamefunga kamera juu ya milingoti, kwenye lango, kwenye vibanda vya tiketi na pale magari ya Matai yanapopakia, na mimi nakaa kwenye chumba kidogo nyuma ya ofisi, natazama skrini iliyogawanywa vipande vipande. Naona wanaochomoa simu za watu mifukoni, naona makondakta wanaogombana, naona wapenzi wanaoagana wakidhani hakuna anayewajua. Msimamizi wetu, Wilibrodi, ametuonya kwamba tunayoyaona mle ndani tusiyatoe nje. Leo namvunjia amri yake, Mungu anisamehe, na Wilibrodi pia akijaliwa.

Tangu nianze kazi hii mama hanitoki kichwani. Unaikumbuka ile picha yake ya sebuleni kule Msanzi, lile jicho moja ndani ya pembetatu, lenye miale? Aliichukua parokiani enzi za uchumba wake, akaitundika mahali ambapo popote ulipokaa lilikuwa linakutazama. Nilikuwa nahama kutoka kigoda hadi mkekani kulijaribu, na jicho lilinifuata. Wakati wa baridi mama alikuwa akituogesha sebuleni karibu na moto, na kabla hajatuvua nguo alikuwa anatundika kanga yake ya zambarau juu ya picha. Wewe ndiye uliyemuuliza kama Mungu haoni kupitia kanga. Mama akajibu kwamba anaona, ila na sisi tumeonyesha adabu.

Nawe kwa ujanja wako ukajifunza hapo hapo. Kila ulipotaka kuchota asali kwenye mtungi, ulianza kwa kulifunika jicho na shati lako la shule. Masikini, ukawa unalisahau. Mama alikuwa akiingia kutoka shambani, anaona shati limening'inia pale juu, anakwenda moja kwa moja kupima mtungi. Mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu mbele ya skrini, na wenzangu wananiona nina matatizo. Natamani hata yale makofi yako uliyokuwa unanigawia nusu kwa sababu na mimi nililamba kijiko. Natamani harufu ya ulezi mpya, na baba akirudi na maksai jioni huku anaimba litania kwa sauti mbaya, na mama akimwambia apunguze, watakatifu wanasikia.

Mama angekuwepo yale mengine yasingetokea. Hilo nalisema wazi. Angetafuta gunia kwanza ndipo atafute mwizi.

Sitayarudia yote, unayajua kuliko mimi, ila nataka ujue kwamba sijasahau. Ulikuwa msimu wa kwanza wa mavuno tangu tumzike. Gunia la ulezi la sadaka ya jumuiya lilikuwa limewekwa kwetu kwa sababu baba alikuwa mwenyekiti, na siku ile ile lilipotoweka wewe ukarudi kutoka Matai na viatu vipya. Jumuiya nzima imekaa sebuleni kwetu, rozari mikononi, baba akasimama, akakuonyesha kidole, kisha akaionyesha ile picha. Akasema, "Jicho lile limekuona." Sikuwahi kuuona uso wako vile. Kesho yake asubuhi kitanda chako kilikuwa kitupu.

Kabla ulezi mwingine haujapurwa, ukweli ukajulikana. Katekista Mboje ndiye aliyetuma mkokoteni kulichukua gunia mapema kulipeleka parokiani, akaacha ujumbe kwa jirani yetu Bertilla, na Bertilla akapelekwa hospitali ya wilaya jioni ile kabla hajatuambia. Basi, ni hilo tu. Baba alisimama mbele ya jumuiya ile ile akalia kama mtoto, akajiuzulu uenyekiti. Nilipokutumia habari hizo ulinijibu kwamba aliyekuvunjia heshima mbele ya watu na mbele ya Mungu wake, akuombe radhi mbele ya watu, siyo kwa kupitia mtoto wa kike. Alipofunga safari kukufuata huko, wewe ulivuka kwenda upande wa Zambia mpaka alipokata tamaa akarudi. Usikatae, Albina aliniambia.

Sasa sikiliza ya sasa. Baba nimemhamishia kwangu hapa mjini kwa sababu ya macho. Ana presha ya macho. Daktari amesema jicho la kushoto limekwisha, na la kulia linakwenda taratibu, na kilichopotea hakirudi. Dawa anazotia ni za kuchelewesha tu. Alikuja na kibegi kimoja na ile picha, ameifunga ndani ya kanga ya zambarau.

Siku moja aliniletea ufunguo niliousahau nyumbani, akasimama mlangoni akaiona skrini. Niliona ameduwaa. Jioni akaniuliza kama Kasesya nayo imo kwenye vile vipande. Nilikuwa nimechoka, napika, nikamjibu tu kwamba siku hizi kamera ziko kila mahali, baba. Nikaendelea na mboga. Laiti ningejua amelichukuaje jibu lile.

Jumamosi iliyofuata nikamwona kwenye skrini. Alikuja na fimbo yake akasimama chini ya mlingoti wa magari ya Matai, akavua kofia, akainua uso kwenye kamera, akaanza kuongea. Kamera zetu hazina sauti. Nikaona midomo tu, na watu wanampisha, na makondakta wanacheka. Jumamosi nyingine hivyo hivyo. Kila gulio akawa anakuja. Wilibrodi akaniambia kwa upole kwamba yule mzee wangu nimpeleke akaombewe. Nilishikwa na aibu, kaka, na mara ya tatu au ya nne nikashindwa, nikaacha kiti nikatoka kwenda kumchukua.

Nilipofika karibu nikamsikia. Alikuwa anasema kwa Kifipa, kwa sauti kubwa, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Anataja jina lako. Anasema, "Leonsi mwanangu, nilisema Jicho limekuona. Mimi ndiye sikuona chochote. Nilimsingizia Mungu, nikakusingizia na wewe. Nisamehe mbele ya watu hawa."

Nilimshika mkono nikamrudisha nyumbani, na njiani akanieleza bila kuona ajabu yoyote. Amefikiri hivi: kama mimi ndani ya chumba kile naona Kasesya, basi aliyeko Kasesya naye anaona hapa, maana kwenye sala ni hivyo hivyo, unayemtazama naye anakutazama. Nikashindwa kumkatalia. Akaniuliza kama mashine inakumbuka kila kitu inachokiona. Nikamwambia hapana, picha zinakaa muda kisha zinajifuta zenyewe. Alifurahi sana. Akasema basi waliotengeneza mashine ile walifundishwa vizuri, maana hata Mungu dhambi iliyotubiwa anaifuta, na yeye ndiye mzee mpumbavu aliyelifanya Jicho kuwa askari, wakati mama yetu miaka yote alijua ni jicho la mzazi anayengoja watoto warudi.

Kaka, hapa ndipo ninapotaka ukae chini.

Jumamosi iliyofuata Jumapili ya Matawi nilikuona. Ulishuka kwenye Noah ya Matai na jaketi la kijani, umebeba kibuyu cha asali. Nilikutambua kabla hujageuka, kwa jinsi unavyoinua bega moja ukitembea. Nilisimama mpaka kiti kikaanguka. Na baba alikuwa pale pale, amekupa mgongo, kofia mkononi, uso juu. Ukasimama nyuma yake, karibu kiasi kwamba mngeweza kushikana. Ila honi zilikuwa zinapigwa, hata mle chumbani nilizisikia, na bila shaka hukusikia anachosema. Nikaona umefunika mdomo kwa kiganja. Nikaona umeuweka uso chini ya kofia yako, ukarudi kwenye gari na asali yako. Nilikimbia, nikafika stendi imebaki vumbi tu.

Sijamwambia. Ningemwambiaje kwamba ulikuja ukaondoka? Angekufa na hilo. Nimelibeba peke yangu na limenichosha, ndiyo maana naandika.

Najua ulichodhani. Ulidhani baba amerukwa na akili, anaongea na mlingoti. Hapana, Leonsi. Alikuwa anaongea na wewe.

Jicho la kulia bado linaona mtu akiwa karibu. Njoo Jumamosi yoyote, yeye hakosi. Shuka, nenda mpaka umguse, na umwache aanze mwanzo kabisa. Asali usiisahau. Na usihangaike kutazama juu kunitafuta, wala usiogope kwamba natazama. Kanga ya mama nimeshaitoa kwenye kabati nikaiweka kwenye mkoba wa kazini. Nikikuona unashuka tu, nitaitundika juu ya skrini, Wilibrodi aseme atakavyosema.

Msalimie wifi Coleta na uwabusu watoto, waambie shangazi yao anawadai kuja kuogeshwa karibu na moto. Baba hajui kama nimekuandikia, kwa hiyo salamu zake sina, ila zile kubwa alishakupa mwenyewe chini ya mlingoti. Bwana awalinde ninyi nyote.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Hilaria